Namna ya kukarabati pete za mbao za dramu la besi ukiwa nyumbani

Dramu la besi la mtumba likishushwa Tabora, mara nyingi kasha lake bado linang'aa, vyuma vinasafishika na ngozi zinabadilishwa. Pete za mbao ndizo zinazokuwa hoi. Rangi imebanduka chini pale pedali inapong'ata, kucha (vyuma vilivyopinda vinavyoibana pete kwenye dramu) zimechimba alama pande zote, na utepe wa plastiki uliopita katikati umeanza kunyanyuka. Kazi ya kuzirudisha haihitaji karakana. Msasa, kipande cha kioo, vanishi kidogo na subira ya wiki tatu hivi vinatosha.

Kinachoharibu kazi nyingi ni kuichukulia pete kama pambo. Pete inafanya kazi. Inakaa juu ya ukingo wa chuma wa ngozi, na kucha nane au kumi kila upande zinaivuta kuelekea kwenye kasha. Ukijaza rangi nene kwa ndani, pete haiukalii tena ukingo wa ngozi. Ukikwangua bila kuangalia, unamaliza tabaka la juu la mbao. Ukifunga kucha juu ya vanishi ambayo haijakomaa, zitang'oka nayo siku utakapobadilisha ngozi. Kwa hiyo toa cha zamani chote, kisha rudisha kipya kikiwa chembamba.

Kagua kabla ya kufungua

Kwanza hakikisha ni mbao. Kuna pete za chuma zilizopakwa rangi au kuvikwa plastiki ya sura ya mbao. Sumaku ndogo ya spika iliyokufa itakuambia mara moja. Ikiwa ni mbao, angalia ukingo wake. Ukiona mistari mingi inayolala sambamba, hiyo imeundwa kwa matabaka yaliyogundishwa. Ukiona mbao moja nzima yenye mshazari mrefu mahali fulani ambapo ncha mbili zimelaliana, hiyo ni mbao iliyopindwa kwa mvuke. Nyingi hutengenezwa kwa mepo, bechi au bachi, mbao ngumu za rangi hafifu kutoka nchi za baridi. Za bei ya chini huwa ni mbao laini zaidi, na tabaka lao la nje linaweza kuwa jembamba kuliko milimita moja. Hizo ndizo za kushika kwa adabu.

Kuna dramu ambalo pete zake hazipaswi kuguswa. Dramu la kampuni za Marekani za Ludwig, Gretsch au Slingerland la miaka ya 1950 na 1960 lenye rangi yake ya kiwandani linathaminiwa zaidi likiwa na makovu yake kuliko likiwa limepigwa vanishi mpya. La namna hiyo lisafishe kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, ukaushe, na uishie hapo.

Sasa legeza boliti. Usimalize moja ndipo uende nyingine. Zungusha kila moja nusu mzunguko, uvuke upande wa pili, hivyo hivyo mpaka zote zilegee. Mbao iliyobanwa miaka mingi ikiachiwa upande mmoja tu inajivuta, na kiungo kilichochoka kinaweza kufunguka hapo hapo. Kabla ya kuondoa pete, andika kwa penseli upande wake wa ndani: MBELE au PEDALI, na mshale wa kuonyesha juu. Penseli itafutika ukipiga msasa, kwa hiyo nakili pia kwenye karatasi au piga picha ya simu.

Laza pete kwenye sakafu ya vigae au juu ya kioo cha meza. Ikiyumba, pima uwazi uliopo chini yake. Milimita mbili au tatu si tatizo, kucha zitaivuta ikae. Ikizidi milimita tano, kazi ya vanishi haitaiponya, na hata ukiifunga itavuta ngozi bila usawa. Kisha pima kipenyo mara nne, kama unavyokata keki vipande vinane. Tofauti ya milimita mbili au tatu inavumilika. Pete iliyokuwa imetundikwa kwenye msumari mmoja miezi mingi huelekea kuwa na umbo la yai. Ya namna hiyo, kata kijiti cha urefu wa kipenyo sahihi na ukikaze ndani kwenye upande uliobonyea muda wote ambao pete iko nje ya dramu.

Vitu na vipimo

Pete ya dramu la inchi 22 ina mzunguko wa nje wa kama mita 1.8. Ukihesabu nje, ndani na kingo zote mbili, pete moja yenye upana wa sentimita 4 ina eneo la takriban mita za mraba 0.2. Mbili ni 0.4. Lita moja ya vanishi hufunika takriban mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja, yaani mpako mmoja, kwa hiyo mikono minne kwenye pete zote mbili haifiki hata robo lita. Usikubali kuuziwa galoni. Nusu lita inabaki na ya kurekebishia baadaye.

Nunua msasa namba 120, 180, 240 na 400, karatasi mbili mbili. Ongeza nusu lita ya sandingi sila (kizibio cha mbao kinachotangulia vanishi) kama utatumia vanishi inayokauka kwa thina, lita moja ya thina, gundi nyeupe ya seremala, gundi ya epoksi ya mirija miwili ile inayochelewa kukauka, brashi laini ya inchi moja na nusu, tepu ya karatasi ya mafundi rangi, bomba la sindano la mililita 5 kutoka duka la dawa, glavu na barakoa. Tafuta pia kipande cha kioo, kandambili iliyokatika na mpira wa ndani wa baiskeli uliotoboka. Hivi vitatu havinunuliwi, na vitafanya kazi kuliko nusu ya vile vya dukani.

Utepe wa katikati

Amua mapema kama utepe unabaki au unatoka, kwa sababu ndio unaoongoza kila kitakachofuata.

Ukiwa mzima ila umenyanyuka ncha, ubakize. Kwangua gundi kuukuu iliyoko chini yake kwa ncha ya kisu, paka gundi ya mafundi viatu pande zote mbili kwa kijiti chembamba, ngoja dakika kumi hadi iache kunata kidoleni, kisha bandika na ukandamize kwa nguvu. Gundi hii haikupi nafasi ya pili. Ikishashika, imeshika, kwa hiyo linganisha kabla ya kubonyeza. Baada ya hapo funika utepe wote kwa tepu ya karatasi, na uhakikishe kingo za tepu zimelala vizuri. Tepe nyingi za madramu ya zamani ni za seluloidi, aina ya plastiki ya kale, na thina inaiyeyusha. Tone moja tu linaacha doa lisilofutika. Seluloidi pia inawaka kwa kasi ya kutisha, basi moto, sigara na jiko la mkaa vikae mbali nayo.

Ukiwa umepasuka au kipande kimepotea, utoe wote. Upashe joto kwa mashine ya kukaushia nywele, sentimita ishirini kwa wakati, huku unainua kwa kisu butu cha mezani. Joto likizidi linalegeza pia gundi ya matabaka ya mbao, na hapo umejiongezea kazi. Ukishautoa utaona kama kuna mfereji uliochongwa au utepe ulikuwa umebandikwa juu tu. Penye mfereji unatakiwa ujaze kitu. Kipande cha kitenge kinafaa sana. Kikate kwa kufuata urefu wa nguo, upana sawasawa na mfereji, urefu mita 1.85 ili kuwe na ziada ya kulaliana. Kibandike kwa gundi nyeupe iliyochanganywa na maji kidogo, ukitoa mapovu kwa kidole kuanzia katikati kwenda kando. Kikauke siku nzima, kisha unganisho lake uliweke chini, mahali pa pedali. Rangi za kitenge zinakolea zikipigwa vanishi, basi jaribu kwanza kwenye mabaki. Kuna zinazochuja.

Kutoa rangi ya zamani

Njia tulivu kuliko zote ni kioo. Vunja kipande cha kioo cha dirisha kikiwa ndani ya gunia, chagua chenye ukingo ulionyooka wa sentimita 5 au 6, funga upande wa kushikia kwa tepu nene, na ukwangue kuufuata mduara. Kiinamishe kidogo kuelekea unakokwenda. Kikiwa kikali kinatoa nyuzi nyembamba za rangi. Kikianza kutoa vumbi kimekwisha makali, badilisha. Maseremala wa mninga wanalijua hili vizuri, tofauti ni kwamba hapa una milimita moja ya kucheza nayo na wao wana ubao mzima. Kwa upande wa ndani tafuta kipande chenye tumbo kidogo, au tumia msasa peke yake.

Dawa ya kutolea rangi inaharakisha, lakini ipakie nje penye upepo, ukiwa na glavu, na usiioshe kwa kumwagia maji. Maji yakiingia kwenye ukingo wa matabaka, mbao inavimba na haikai tena kama ilivyokuwa. Futa kwa kitambaa chenye thina, kisha kingine kikavu. Mashine ya msasa ya umeme iache kwa fundi milango. Kwenye mduara inagusa sehemu ndogo tu, na ndani ya sekunde tatu imeshakula tabaka la juu mpaka unaona rangi nyingine ya mbao chini. Kosa hilo halifichiki chini ya vanishi ya klia, ile isiyo na rangi. Utalazimika kupaka rangi nzito.

Kama dramu ni la zamani sana na lina rangi ya mafuta, lichukulie kuwa na madini ya risasi. Rangi za zamani zilitiwa risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Lowanisha kidogo unapokwangua, tandika gazeti, kisha kunja gazeti na takataka zake na utupe. Usifagie uwanjani penye kuku na watoto.

Kuziba na kuunganisha

Alama zilizobonyea bila kukata nyuzi za mbao zinanyanyuka kwa mvuke. Mbao ikiwa tupu, weka kitambaa chenye maji kilichokunjwa mara mbili juu ya kibonyeo, gusisha ncha ya pasi ya moto kwa sekunde tano hadi kumi, inua, angalia. Rudia mara tatu au nne. Pasi ya mkaa inafaa ilimradi majivu yasidondoke. Nyuzi zilizokatwa, kama zile zilizotafunwa na meno ya pedali, hazitanyanyuka. Hizo zinajazwa. Acha ikauke siku nzima kabla ya msasa, maana ukisawazisha mbao ikiwa bado imevimba, ikikauka inazama na kibonyeo kinarudi.

Matabaka yaliyoachana yapulizie vumbi litoke, kisha ingiza gundi nyeupe kwa bomba la sindano. Bonyeza na uachie mara kadhaa ili gundi ivutwe ndani. Sasa ndipo mpira wa baiskeli unapofanya kazi yake. Ukate uwe mkanda wa upana wa sentimita 3, zungushia karatasi ya nailoni mahali penye gundi, kisha funga mpira juu yake ukiuvuta kwa nguvu kila mzunguko. Mizunguko sita hadi nane inabana kuliko klampu ndogo, na haitelezi kwenye mduara. Nailoni inazuia mpira usigundike na usiache weusi kwenye mbao. Iliyochuruzika ifute kwa kitambaa chenye maji kabla haijakauka. Gundi iliyofyonzwa na mbao haipokei rangi, na utaona doa jeupe baada ya vanishi.

Kiungo cha mshazari kilichofunguka ni shauri jingine. Hapo gundi nyeupe haifai. Ikikauka inaonekana ngumu, lakini ikivutwa mfululizo miezi na miezi inanyooka polepole, na pete haiachi kuvutwa siku ikiwa juu ya dramu. Tumia epoksi inayochelewa kukauka. Safisha pande zote mbili mpaka mbao ionekane, changanya mirija kwa kipimo sawa, paka, funga kwa mpira, na kabla haijashika pima kipenyo tena. Kiungo kikiteleza hata kwa milimita tatu, mduara mzima unabadilika. Acha saa 24.

Mashimo na sehemu zilizotafunwa unazijaza kwa unga wa mbao na gundi, ukiupata unga huo kwa kupiga msasa upande wa ndani wa pete yenyewe. Ukiweka unga wa mninga kwenye mepo, kiraka kitajitangaza kwa wekundu wake kutoka mlangoni. Hata wa rangi moja na mbao utaonekana kidogo chini ya klia, kwa sababu gundi hainywi vanishi kama mbao inavyokunywa. Uharibifu wa pedali ukiwa mkubwa, kuna njia rahisi: geuza pete ili sehemu iliyotafunwa iwe juu au ubavuni chini ya ukucha, na pedali ipate mahali pazima. Pete nyingi zinaruhusu hivyo, ila chache zina bati au mkato wa pedali unaozifunga mahali pamoja.

Msasa

Kata kandambili kipande cha kuenea kiganjani, kizungushie msasa. Kinapinda na mduara, hivyo hakichimbi. Anza na 120 kutoa alama za kioo, nenda 180, malizia 240. Daima fuata mduara, kwa kuwa nyuzi za tabaka la nje kwa kawaida zinakwenda huko. Mchubuo uliokatiza nyuzi hauonekani kwenye mbao kavu, lakini vanishi ikipita juu yake unajitokeza.

Kona kali zipitishe msasa namba 180 mara mbili tatu tu zipungue ukali. Vanishi inakimbia kona kali, inabaki nyembamba pale pale kucha zinapogusa, na hapo ndipo itaanza kubanduka. Lakini usizifanye duara. Ukingo unaopokea ukucha unahitaji bapa la kukaliwa.

Mwisho futa pete kwa kitambaa chenye unyevu, ngoja saa moja, na upitishe 240 kwa mkono mwepesi. Vinyweleo vilivyosimama vitakatika sasa, na havitasimama tena ukipiga vanishi.

Vanishi gani, na msimu gani

Kwa pete inayopigwa kila Jumapili na kufunguliwa mara kwa mara, vanishi ya mafuta ndiyo chaguo la mtu asiye na mashine ya kupulizia. Inakauka taratibu, brashi inapata muda wa kujisawazisha, na inavumilia kugongwa. Laka ya nitro, ile inayotumiwa na watengeneza samani pamoja na sandingi sila, inakauka haraka na inang'arishwa vizuri, lakini kwa brashi inaacha mistari na inataka kupuliziwa. Rangi nyeusi ya kung'aa ni kimbilio la halali pale viraka vinapokuwa vingi. Haina aibu, madramu mengi yalitoka kiwandani na pete nyeusi.

Nta ya nyuki, ambayo Tabora haina shida nayo, inapendekezwa sana na watu wasiowahi kufunga dramu. Peke yake ni laini mno: kucha zinapita ndani yake, jasho na joto vinaifanya inate. Mahali pake ni juu ya vanishi iliyokomaa, kama kinga ya kufuta vumbi. Yeyusha gramu 100 za nta safi kwenye kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, toa kabisa kwenye moto, ndipo umimine mililita 300 hadi 400 za tapentaini na kukoroga mpaka ipoe iwe kama mafuta mazito ya kujipaka. Kuitanguliza nta kabla ya vanishi ni kujiharibia. Vanishi haishiki juu ya nta.

Msimu una uamuzi wake. Kuanzia Novemba hadi Aprili, mvua ikiwepo, laka ya nitro hugeuka nyeupe kama maziwa ndani ya dakika chache. Thina inapoyeyuka haraka inapoza uso wa mbao, unyevu wa hewani unatua juu yake na kunaswa ndani. Ikitokea, usiongeze mkono mwingine juu. Subiri saa kavu ya mchana, kisha pulizia thina nyembamba sana peke yake. Laka italainika na kuachia unyevu. Kiangazi kinaondoa tatizo hilo na kuleta upepo na vumbi la mchanga. Fanya kazi asubuhi mapema kabla upepo haujaamka, nyunyiza maji sakafuni, na funga mlango. Septemba na Oktoba joto ni kali, vanishi inakauka juu kabla ya chini na inatoa vipovu, basi usipige juani hata kama unaona inakauka upesi.

Kitu kimoja zaidi kabla ya kufungua mkebe. Madramu ya kwaya hupulizwa mara kwa mara dawa za kung'arishia samani au dashibodi, na nyingi zina silikoni. Ikibaki kwenye mbao, vanishi inajikusanya na kuacha vishimo vya duara vyenye mbao tupu katikati. Futa pete mara mbili kwa thina, kila mara kwa kitambaa kipya, ukiukwepa utepe.

Kupiga

Tengeneza kwanza mahali pa kuilaza. Vuka vipande viwili vya mbao, pigilia misumari minne ncha zikitokeza juu sentimita 3, na pete ikae juu ya ncha hizo. Alama zitakazobaki ni nukta ndogo kwenye ukingo usioonekana.

Ukitaka kubadilisha rangi ya mbao, kumbuka kwamba mepo na bachi hunywa rangi kwa mabaka. Tanguliza sandingi sila sehemu 1 kwa thina sehemu 4, ikauke, pitisha 400 kidogo, ndipo upake rangi na kuifuta mara moja.

Mkono wa kwanza wa vanishi ya mafuta uwe mwembamba: sehemu 3 za vanishi kwa 1 ya tapentaini. Unaingia ndani ya mbao na kushika mingine. Anza na ndani, kisha ukingo wa juu, malizia nje, ili michirizi ya kutoka ndani uikute ukiwa bado na brashi mkononi. Anzia mahali pa pedali na urudi pale pale. Mita 1.8 ni safari ndefu kwa vanishi, na ukirudi ulikoanzia itakuwa imeanza kushika, hivyo unganisho liangukie sehemu itakayofichwa. Brashi uichovye theluthi tu, na usirudie sehemu uliyopita dakika tano zilizopita. Ukiona mchirizi umeshaanza kukauka, uache. Msasa wa kesho utauondoa bila kovu, brashi ya leo itaacha kovu.

Ndani ya pete inatosha mikono miwili, yote myembamba. Pima kwa vitendo: baada ya mkono wa pili kukauka, ingiza ngozi. Pete inatakiwa ishuke kwa uzito wake wenyewe na kuzunguka kwa uhuru. Ikikwama, pitisha 240 ndani sasa hivi, usingoje siku ya kufunga. Nje piga mitatu au minne, saa 24 kati ya mmoja na mwingine, na msasa 400 kila mara mpaka mng'ao ufe wote. Panapong'aa bado ni bonde ambalo msasa haujafika, na mkono unaofuata hautashika vizuri hapo.

Usichanganye koo za vanishi. Laka ya nitro juu ya rangi ya mafuta inaikunja kama ngozi ya maziwa yaliyochemka, kwa sababu thina inaila rangi iliyo chini. Kinyume chake kinawezekana, vanishi ya mafuta juu ya sandingi sila iliyokauka haina ugomvi.

Vitambaa vilivyolowa vanishi ya mafuta au mafuta ya kitani visikunjwe na kutupwa kwenye pipa. Vinapokauka vinatoa joto, na vikiwa vimerundikana vinaweza kuwaka vyenyewe. Vitandaze nje juu ya mawe mpaka vikakamae.

Kurudisha juu ya dramu

Vanishi ya mafuta ikomae wiki mbili kabla ya kucha, laka ya nitro wiki moja. Kipimo ni ukucha wako mwenyewe: ubonyeze mahali pasipoonekana, ukiacha alama, bado. Katika muda huo pete zilale chini bapa, zisitundikwe.

Kwa fundi viatu omba mabaki ya ngozi nyembamba. Kata vipande vya kuenea ndani ya kila ukucha, na kimoja kikubwa cha sentimita 5 kwa 8 cha kukaa kati ya pedali na pete. Mpira wa baiskeli usiuweke hapa, hasa kama umetumia laka ya nitro. Kemikali za mpira zinahamia kwenye laka, zinailainisha na kuacha madoa meusi yasiyotoka. Hata miguu ya mpira ya stendi ikilala juu ya laka hiyo inafanya vivyo hivyo.

Weka ngozi ya dramu, weka pete kwa kufuata alama ulizoandika, kaza boliti zote kwa vidole tu mpaka ziguse. Hapo zungusha nusu nusu kwa kuvuka, ukiangalia kwamba umbali kati ya pete na kasha unalingana pande zote. Upande mmoja ukishuka zaidi, usiukaze ule ulioinuka ili ulingane. Legeza ule ulioshuka, na uanze tena kutoka hapo. Baada ya siku ya kwanza ya kupigwa, vipande vya ngozi chini ya kucha vitakuwa vimebonyea na boliti zitalegea kidogo, basi zipitie zote robo mzunguko, na uangalie chini ya ukucha mmoja au wawili kama vanishi imeshika.